Taarifa ya mbunge jimboni: sikiliza kitenzi, dai mwaka wa fedha

Mkutano wa bajeti wa Bunge huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Baada ya hapo wabunge hurudi majimboni, na jijini Dar es Salaam, kuanzia Kivule hadi Goba, Chamazi hadi Mbweni, viwanja vya shule hupata turubai, viti vya plastiki na vipaza sauti. Mbunge anasoma taarifa: barabara kadhaa, zahanati, visima, madarasa. Watu wanapiga makofi. Vuli inaingia, kisha masika, na barabara iliyotajwa bado haipitiki hata kwa bodaboda. Wengine husema mbunge alidanganya. Mara nyingi hakudanganya. Alisema "imetengewa fedha", nasi tukasikia "itajengwa".

Kwa hiyo jambo la kwanza la kusikiliza ni kitenzi. Mradi wa umma hupita hatua nyingi kabla ya greda kuwashwa, na kila hatua ina neno lake.

"Nimeomba" au "nimelisemea Bungeni" maana yake hoja imefika mezani, basi. Jibu la Serikali lipo kwenye Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, maarufu kama Hansard, na linasomeka kwenye tovuti ya Bunge. Tafuta tarehe ya kikao, kisha jina la kata. Jibu likisema Serikali itajenga "kadiri ya upatikanaji wa fedha", hapo hamna ahadi ya tarehe. Likitaja mwaka wa fedha na kiasi, mna kitu cha kushika.

"Upembuzi yakinifu" na "usanifu wa kina" ni kazi halali, wala si visingizio. Upembuzi unauliza kama mradi unafaa na utagharimu kiasi gani. Usanifu unatoa michoro, vipimo na upande ambao maji ya mvua yatapelekwa. Dar es Salaam, hilo la maji ndilo kila kitu. Lami iliyowekwa bila mitaro kwenye maeneo ya mabondeni hailiwi na magari kwanza, inaliwa na maji yanayopenya pembeni na kulainisha tabaka za chini. Mbunge akisema usanifu unaendelea, muulizeni kama mitaro na makalavati yamo ndani ya usanifu huohuo, au yameachwa "awamu ya pili".

"Imetengwa" na "imepitishwa" ndiyo maneno yanayowachanganya watu kuliko yote. Kupitishwa kwa bajeti ni ruhusa ya kutumia fedha ndani ya mwaka wa fedha, unaoanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Si fedha taslimu. Wizara hupewa fedha kwa awamu kulingana na makusanyo, na mradi unaweza kupitishwa kwa kiasi fulani ukapokea nusu, au usipokee kitu. Mwaka ukiisha, fedha isiyotumika haibaki tu ikisubiri: lazima iombewe kibali au mradi uingizwe tena kwenye bajeti mpya. Ndiyo maana barabara moja inaweza kutajwa kwenye taarifa tatu za miaka mitatu na kila mara ikawa kweli.

"Fedha imetoka" ni hatua nyingine, na hapo ndipo swali la kiasi linapoanza kuwa na maana. Baada yake huja zabuni, ambayo siku hizi hupitia NeST, mfumo wa Serikali wa manunuzi kwa mtandao, kisha mkataba, kisha mkandarasi kukabidhiwa eneo la kazi. Kalenda yenyewe ina mtego. Bajeti inapita Juni, zabuni inachukua miezi, mkataba unasainiwa Septemba au Oktoba, na vuli inaanza Oktoba. Kazi ya udongo inasimama. Ikirudi Januari, inabakiwa na takribani miezi miwili kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Mradi wa barabara ambao zabuni yake haijatangazwa hadi Novemba una hatari kubwa ya kuvuka mwaka, na mbunge anayeijua kalenda hii atalisema hilo mapema badala ya kungoja alaumiwe.

Hata "imekamilika" ina swali lake. Mkataba wa ujenzi huwa na kipindi cha uangalizi wa dosari, mara nyingi miezi 12, ambapo sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiwa. Mashimo yakitokea ndani ya kipindi hicho, anayerekebisha ni mkandarasi kwa gharama zake. Wananchi wengi hawalijui hili, dosari inaripotiwa mwezi wa 14, na mzigo unarudi kwa Serikali. Piga picha, andika tarehe, peleka barua kwa mtendaji wa mtaa na nakala kwa mhandisi mapema.

Mhandisi yupi? Hilo nalo linakwamisha wengi. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za mitaa na za wilaya ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Maji ni DAWASA, umeme ni TANESCO, mabasi yaendayo haraka ni DART. Jiji la Dar es Salaam (lililokuwa Manispaa ya Ilala hadi Februari 2021) na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zinashika zaidi shule za msingi na sekondari, zahanati, masoko na taka. Mbunge hana fungu lake la kujenga barabara, na hawezi kumwamuru meneja wa TARURA. Kwa mujibu wa ibara ya 63 ya Katiba, Bunge huuliza mawaziri maswali, hujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti, huidhinisha mipango, hutunga sheria na kuridhia mikataba. Hata pendekezo la kuongeza matumizi ya Serikali, ibara ya 99 inataka litoke upande wa Rais kupitia kwa waziri.

Hiyo haina maana kwamba mbunge hana nguvu. Anauliza swali la msingi na kupewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na hayo ya nyongeza ndiyo humbana waziri kwa sababu hayakuandaliwa majibu wizarani. Alhamisi anaweza kumwuliza Waziri Mkuu ana kwa ana. Fungu la wizara linapopitishwa anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kutoa hoja ya kuuzuia, mpaka apewe maelezo. Na jambo linalosahaulika: mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake. Pale ndipo mapato ya ndani yanapogawanywa. Taarifa inayozungumzia Dodoma peke yake, bila neno juu ya vikao vya baraza, ina pengo kubwa. Ulizeni alihudhuria vikao vingapi na alisimamia hoja gani.

Mikopo ya vikundi iangaliwe kwa jicho hilohilo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kisheria: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Si zawadi ya mtu. Mbunge anaweza kusifiwa kwa kufuatilia itoke kwa wakati.

Lipo fungu moja ambalo mbunge analisimamia mwenyewe: Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati, na afisa mipango wa halmashauri ndiye katibu. Fedha hupita kwenye akaunti ya halmashauri na hukaguliwa. Hapa taarifa inapaswa kuwa na jedwali kamili: mradi, kata, kiasi, tarehe ya kikao kilichoidhinisha, hali ya sasa.

Kosa la kawaida kwenye mfuko huu ni kutawanya. Chukua mfano wa milioni 60 zilizogawanywa sawasawa kwa kata 12: kila kata inapata milioni 5. Mwaka 2021, katika mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, darasa moja lilitengewa milioni 20. Kwa hiyo milioni 60 zingekamilisha madarasa matatu kwa kipimo hicho. Zikitawanywa, zinabaki maboma 12 yasiyo na paa, au mifuko ya saruji iliyorundikwa stoo ya shule. Saruji haingoji. Kwa unyevunyevu wa pwani, baada ya miezi mitatu hivi huanza kushika mabonge na kupoteza nguvu. Kugawa kila kata kidogo kunaonekana kama haki, lakini kukamilisha kata tatu mwaka huu na tatu mwaka ujao, kwa ratiba iliyobandikwa ukutani, ni haki inayosomesha watoto.

Kwenye maji, tofautisheni bomba na maji. "Mtandao umefika" maana yake mabomba yamelazwa. Maji ya sehemu kubwa ya jiji hutoka Mto Ruvu kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na mwishoni mwa 2022 mto uliposhuka, hata wenye mabomba mapya walipata mgao. Kwa mitaa ya miinuko, swali ni tenki gani linawahudumia na kama pampu ina presha ya kuwafikia. Ombeni ratiba ya siku na saa, iandikwe.

Siku ya mkutano, swali la jumla huzaa jibu la jumla. Kabla ya kwenda, kaeni watu watano, mchague jambo moja, mpime. Barabara ina jina, mwanzo, mwisho na urefu, na hata bodaboda ina mita ya kilomita. Kisha mmoja asimame: "Mheshimiwa Mbunge, barabara ya kutoka shuleni hadi zahanati, mita 800, ulisema mwaka jana imetengewa fedha. Ilikuwa mwaka wa fedha upi, chini ya TARURA au halmashauri? Imetoka kiasi gani mpaka leo? Mkandarasi amekabidhiwa eneo lini?" Apewe nafasi ajibu, na kama hana takwimu, muafikiane tarehe ya kuzileta kwa maandishi kupitia ofisi ya mtendaji wa kata.

Majibu yaandikwe kwenye daftari la mtaa, yasibaki kwenye simu ya mtu mmoja. Tarehe ikipita kimya, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi kwenye taasisi husika, nayo ina siku 30 za kujibu. Barua iwe fupi: jina na anwani yako, mradi, mwaka wa fedha, na nyaraka unazotaka, kwa mfano kiasi kilichopokelewa na tarehe ya mkataba. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo.