Sisi (cc) nyingi si lazima ziwe nguvu nyingi

Katika gereji nyingi za Nairobi husemwa kwamba ukitaka gari la silinda 4 liende mbio, tafuta injini yenye sisi nyingi (cc, yaani ujazo wa silinda zake zote), mengine yatajipa. Wazo hili lina msingi: silinda kubwa humeza hewa zaidi, na penye hewa zaidi huchomeka petroli zaidi.

Ila sisi ni ukubwa wa chombo tu. Injini ya Toyota 2AZ-FE, sisi 2362, hutoa takriban nguvu-farasi 160. Mitsubishi 4G63 yenye turbo, sisi 1997, ilitangazwa kuwa na 280 katika Lancer Evolution IV ya 1996. Turbo husindilia hewa ndani ya silinda, na hapo ndipo tofauti kubwa inapotoka.

Nairobi nayo ina lake. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake.

Usikimbilie, hata hivyo, kufunga turbo kwenye injini yoyote. Iliyoundwa bila turbo mara nyingi ina mgandamizo wa juu, yaani tayari hubana sana hewa na petroli ndani ya silinda. Ukiongeza presha bila kurekebisha kiasi cha petroli na wakati wa cheche, petroli italipuka ovyo ndani ya silinda (injini “itagonga”) hadi pistoni zipasuke.

Kabla ya kulipia injini, soma namba ya injini kwenye bloku, uilinganishe na takwimu za mtengenezaji, kisha fundi apime kompresheni (presha ambayo pistoni hujenga) ya kila silinda mbele yako. Namba za silinda zikipishana sana, iache hapohapo, hata bei iwe tamu vipi.