Kulala kambini kwa familia pembeni ya msitu, Lushoto: dhana potofu na ukweli wake

Kutoka Mombo barabara ya lami hupanda kwa kona hadi Soni, kisha Lushoto mjini, na baada ya hapo njia za vumbi huendelea kuelekea msitu wa Magamba. Pembezoni mwa msitu ule zipo familia zinazopokea wageni wenye mahema. Utakuta uwanja wa nyasi nyuma ya nyumba, vibanda viwili vitatu vya mbao, choo cha shimo, jiko la kuni, magogo ya kukalia, na jogoo anayewika kabla hujapata usingizi wa kutosha. Hapo si hotelini, wala si porini. Ni nyumbani kwa watu, na mgeni anayelijua hilo tangu mwanzo hupata mapumziko mazuri kuliko mahali pengi penye bei kubwa. Makosa mengi huanzia kwenye mambo yafuatayo, ambayo watu huyarudia kana kwamba yamethibitishwa.

“Ni mkoa wa Tanga, kutakuwa na joto”

Tanga mjini ni usawa wa bahari. Lushoto mjini ni karibu mita 1,400, na kambi za upande wa Magamba ziko juu zaidi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Mwezi wa Juni hadi Agosti, usiku wa sehemu za juu unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na ukungu huingia mpaka mlangoni. Mgeni aliyekuja na shuka moja na fulana hatalala.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani baridi hutoka juu, hivyo mtu anajifunika mablanketi matatu na kulala juu ya turubai tupu. Ardhi ndiyo inayokunyang'anya joto, na blanketi au begi la kulalia likilaliwa hubanwa, hewa iliyomo hutoka, nalo haliwezi tena kukukinga upande wa chini. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: turubai, juu yake mkeka au jamvi, juu yake godoro la sponji la angalau sentimeta tano, ndipo wewe. Ukiwa na mablanketi mawili tu, moja litandike, jingine jifunike. Familia nyingi zina godoro la kuazima au kukodisha. Uliza kabla ya safari, usisubiri saa nne usiku.

Kabla ya kulala vua kila ulichovaa mchana, hata kama unaona ni kikavu, kwa sababu pamba hushika jasho. Vaa soksi kavu na kofia. Chupa ya mpira ya maji ya moto ukiiweka miguuni hukaa na joto kwa saa kadhaa. Chupa laini za maji ya dukani usizitumie, maana hujikunja zikipata maji yanayochemka na kukumwagikia. Na pombe kali haikupi joto: inaleta damu karibu na ngozi, unajisikia moto kwa muda, huku joto la mwili likitoka haraka zaidi.

“Jiko la mkaa dakika chache tu hemani halina neno”

Hili linaua. Mkaa unaoungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mkaa uliobaki makaa mekundu bila moshi huendelea kuitoa. Watu huona moshi umekwisha wakadhani hatari imekwisha. Kufungua zipu kidogo hakutoshi. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala hapati nafasi ya kuzitambua. Kanuni ni moja, kwa hema na kwa kibanda cha mbao pia: jiko la mkaa, la gesi wala la mafuta ya taa haliingii ndani mnapolala. Ukiona baridi imekuzidi, gonga mlango wa wenyeji. Watakuingiza jikoni au sebuleni, na hakuna familia ya milima hii ya Usambara itakayokuona msumbufu kwa hilo.

“Asubuhi hema lilikuwa limelowa ndani, kwa hiyo linavuja”

Mara nyingi halivuji. Watu wawili wakilala ndani ya hema lililofungwa kila upande, mvuke wa pumzi zao hugusa kitambaa cha baridi na kugeuka matone. Dawa yake, ingawa inaonekana kinyume cha akili wakati wa baridi, ni kuacha madirisha ya juu wazi kidogo usiku kucha, kuhakikisha kifuniko cha nje hakigusi hema la ndani, na kutolala na nguo mbichi humo. Ukijifunika kichwa na kupumulia ndani ya blanketi, blanketi nalo litalowa na utasikia baridi zaidi alfajiri.

Maji yanayotoka chini yana sababu yake nyingine, na karibu kila mara ni turubai. Mtu hutandika turubai kubwa, anasimika hema juu yake, na kingo zinabaki nje. Mvua ikinyesha, kingo zile zinapokea maji na kuyapeleka moja kwa moja chini ya mgongo wako. Turubai lazima liwe dogo kuliko sakafu ya hema, likunjwe kwa ndani sentimeta tano hadi kumi kila upande, na mkunjo uelekee chini.

Kuhusu mahali pa kusimika: masika, Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba au Novemba, uwanja unaoonekana tambarare unaweza kuwa ndiyo njia ya maji. Tazama nyasi. Zikiwa zimelala upande mmoja, au kuna mchanga mwembamba uliokusanyika, maji hupita hapo. Tafuta mwinamo mdogo sana na lala kichwa kikiwa juu. Usichimbe mfereji kuzunguka hema. Udongo wa milima ile unamomonyoka haraka, na ule uwanja ni mali ya familia, utahitajika kwa mgeni wa kesho. Vigingi vipigwe vikiwa vimeinama, ncha ya juu ikilalia mbali na hema, karibu nyuzi 45. Udongo ukiwa laini kwa mvua, weka jiwe zito juu ya kila kigingi.

“Chini ya mti mkubwa ndipo pazuri”

Kivuli ni kizuri mchana. Usiku, mti mkubwa ni tawi linalosubiri kuanguka. Mikaratusi, iliyopandwa kwa wingi maeneo hayo, ina tabia ya kudondosha matawi makubwa hata siku isiyo na upepo. Inua macho kabla ya kutandika: tawi lisilo na majani, lililovunjika likabaki limening'inia, au shina lenye uyoga ni sababu za kuhama. Na matone huendelea kudondoka kutoka majanini muda mrefu baada ya mvua kukatika, hivyo hema lililo wazi hukauka mapema kuliko lililo chini ya mti.

“Choo cha shimo lazima kinuke”

Hapa watu wengi huwakosea wenyeji wao. Choo cha shimo kilichojengwa kwa bomba la kutolea hewa, aina iliyosanifiwa Zimbabwe miaka ya 1970, hakinuki kikitumiwa ipasavyo. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta hewa kutoka shimoni. Hewa safi nayo huingia chumbani, hushuka kwenye tundu, na harufu yote hutokea juu ya paa. Nzi waliomo shimoni hufuata mwanga, na mwanga pekee wanaouona uko juu ya bomba, ambako kuna wavu. Hufia hapo.

Kwa hiyo mgeni anayeacha mlango wazi ili “hewa iingie” anaharibu giza linalofanya mtambo ule ufanye kazi, na anayefunika tundu kwa kifuniko kinachobana anakata mzunguko wa hewa. Choo cha shimo cha kawaida, kisicho na bomba, ni kinyume chake: mwaga kopo la majivu baada ya kutumia, kisha funika tundu. Tazama kama kuna bomba linalopita juu ya paa, utajua ufanye lipi. Katika vyoo vyote viwili, pedi, nepi na plastiki havitupwi shimoni, kwa sababu havioziki na shimo hujaa kabla ya wakati wake. Dawa kali za kusafishia pia zisimwagwe humo, kwani zinaua vijidudu vinavyoozesha. Tochi ya kichwani ni ya lazima, maana huko mikono yote miwili ina kazi.

“Maji ya chemchemi ya mlimani ni safi”

Ni ya baridi, matamu na meupe. Usafi ni jambo jingine. Juu ya chemchemi kunaweza kuwa na shamba, ng'ombe au choo cha jirani. Chemsha mpaka yatokote kwa nguvu, yaache hivyo dakika moja, yatosha. Wapo wasemao maji ya mlimani hayachemki vizuri hivyo vijidudu havifi. Ni kweli kwamba kwenye mita 1,600 maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, lakini joto hilo linaua vijidudu vya kuhara. Ukizidi mita 2,000, chemsha dakika tatu. Ukitumia vidonge vya klorini, fuata kipimo cha pakiti, na subiri dakika 30. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, vinginevyo klorini huishia kwenye tope.

Maji ya kuoga huchemshwa kwa kuni, aghlabu kwenye pipa au sufuria kubwa. Ndoo moja ya lita 20 iliyochanganywa vizuri humtosha mtu mmoja akitumia kata. Agiza mapema, saa moja hadi mbili kabla, na oga kabla jua halijazama.

“Mlimani hakuna malaria”

Ipo kidogo kuliko bondeni, lakini ipo. Zaidi ya hapo, umepita Mombo, labda ulisubiri gari pale jioni, na huko ni bondeni kwenye joto na mbu. Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa, yaani ukiwa umesharudi nyumbani. Homa ya wakati huo usiiite “baridi ya Lushoto”. Nenda ukapime. Kambini, chandarua au hema lenye wavu mzima ndiyo kinga.

“Kilio kile cha usiku ni mnyama mkali”

Sauti inayoanza kama mlango wenye kutu na kupanda hadi kuwa ukelele ni ya perere, mnyama wa kilo mbili tatu anayekaa mitini na kula majani. Kinachostahili tahadhari ni vidogo. Kima huiba mchana: ndizi au mkate ukiachwa hemani, watachana kitambaa. Siafu nao hufuata njia yao, hasa kukiwa na mvua. Wakiingia usihangaike nao kwa miguu, toka, hamisha hema, na kagua kila nguo. Nyoka hafukuzwi kwa mafuta ya taa wala kitunguu saumu. Kinachosaidia ni zipu iliyofungwa muda wote, viatu vilivyokung'utwa asubuhi, tochi kila hatua ya usiku, na kutoingiza mkono kwenye rundo la kuni bila kuangalia. Aliyeumwa hafungwi kamba, hachanjwi wala kufyonzwa. Anatulizwa, kiungo hakichezeshwi, anapelekwa hospitali mara moja.

“Kuni ni za bure, msitu si huu hapa?”

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kuingia kuna kibali na ada, na kuni hazikusanywi na mgeni. Kuni za kambini hutoka kwenye miti ya familia yenyewe, ndiyo maana huuzwa kwa mzigo. Gonganisha vipande viwili: vikavu vinalia kwa ukali, vibichi vinatoa sauti nzito. Anza na vijiti vyembamba kama penseli, kisha unene wa kidole gumba, ndipo vya unene wa mkono. Mawe ya mtoni usiyazungushie moto, maana maji yaliyomo hugeuka mvuke na jiwe linaweza kupasuka. Kuzima ni kwa maji, kukoroga, maji tena, mpaka majivu yaguswe kwa mkono bila kuunguza.

“Kwa kuwa ni ya familia, kila kitu kinapatikana muda wowote”

Ni kinyume kabisa. Hakuna stoo ya vyakula wala mpishi wa zamu. Anayepika ndiye aliyetoka shambani. Kuku wa kienyeji anatakiwa akamatwe, achinjwe, anyonyolewe, na achemshwe kwa muda unaoweza kufika saa mbili ndipo alainike, kwa hiyo chakula cha usiku huagizwa kabla ya saa sita mchana. Uliza mapema kama bei ni kwa mtu au kwa hema, na kama kuni, maji ya moto na godoro vimo. Beba fedha taslimu ndogo ndogo, kwa sababu mtandao wa simu hukatika mabondeni. Fika kabla ya saa kumi alasiri, kwa kuwa ukungu hauombi ruhusa na kusimika hema gizani ndipo makosa yote ya hapo juu hutokea. Salimia wazee kwa shikamoo kabla ya kuuliza choo kiko wapi. Na ikiwa unaondoka na basi la alfajiri, mwambie mama mwenye nyumba usiku ule ule, kwa sababu moto wa chai yako lazima uwashwe saa nzima kabla hujaamka.