Je, Wajua Familia Iliyouawa Pamoja kwa Bomu Hukumbukwa na Nani?

Hapa Malindi, hitima inapomalizika na kabla ya kahawa kupitishwa, msomaji hushika karatasi yenye majina ya marehemu akayataja moja baada ya jingine, fulani bin fulani, fulani binti fulani, na waliohudhuria wakawasomea Fatiha. Karatasi hiyo huandikwa na walio hai: mtoto humwandikisha baba yake, mjukuu humwandikisha bibi yake, mke humwandikisha mumewe. Yakiisha majina, msomaji huongeza kwamba dua hiyo iwafikie pia wale wasiokuwa na mtu wa kuwaombea. Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, na ni ukubwani ndipo nilipojiuliza ni nani hao hasa. Jibu la kwanza lililonijia ni familia iliyolala chini ya dari moja wakati wa vita, ikaangukiwa na bomu, baba, mama na watoto wasiamke tena. Kila ambaye angeliandikisha jina la mwenzake ameondoka naye.

Swali hili si geni kwa mji huu. Italia iliingia vitani dhidi ya Uingereza tarehe 10 Juni 1940, na kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikiitawala Somalia ya kusini, pwani yetu ikajikuta jirani wa uwanja wa vita. Mwaka huohuo ndege za Kiitaliano ziliishambulia Malindi kwa mabomu. Hatari hiyo ilisogea mbali baada ya Kismayu, mji wa bandari wa Somalia hiyo, kutekwa na majeshi ya Uingereza mnamo Februari 1941, lakini wakazi walikuwa wameshajua kwamba vita vinaweza kumfuata mtu hadi kizingitini pake.

Hapo ndipo kifo cha bomu kinapotofautiana na kifo cha askari. Askari huiacha familia yake nyumbani. Akiuawa, jeshi lina jina lake na namba yake, na mama yake yupo wa kumlilia. Bomu la ndege huja nyumbani kwenyewe, mara nyingi usiku, saa ambayo hata aliyekuwa kazini amesharudi. London ilishambuliwa na ndege za Kijerumani usiku 57 mfululizo kuanzia tarehe 7 Septemba 1940. Familia nyingi zilijificha katika vibanda vya mabati vilivyozamishwa ardhini uani, kila kimoja kikitosha watu sita, na desturi ilikuwa kuingia wote pamoja kwa sababu hakuna mzazi ambaye angemwacha mtoto nje. Kibanda hicho kiliwaokoa wengi, lakini bomu lilipokiangukia chenyewe, ukoo mzima wa nyumba hiyo ungeweza kukatika kwa dakika moja.

Nani basi aliwaandika? Tume ya makaburi ya vita ya himaya ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1917, ilikuwa na kazi ya kuwakumbuka wanajeshi peke yao. Mwasisi wake, Fabian Ware, aliona kwamba raia nao wanauawa na adui yuleyule, akadai majina yao yakusanywe, na mwaka 1941 tume ikapewa mamlaka ya kufanya hivyo. Matokeo yake ni orodha ya majina zaidi ya 66,000 katika vitabu saba, ambavyo vimehifadhiwa katika kanisa la Westminster Abbey mjini London.

Linalonigusa katika orodha hiyo ni jinsi kila jina lilivyoandikwa. Hakuna cheo wala kikosi, kwa kuwa raia hana. Badala yake yapo jina, umri, anwani ya nyumba, mtu huyo ni mtoto wa nani au mke wa nani, na mahali alipofia. Chukua mtoto wa miaka mitatu: utasoma namba ya nyumba yao na mtaa wao, kisha jina la baba yake, kisha kwamba alifia katika nyumba hiyohiyo. Ukipandisha jicho mistari michache ukamtafuta huyo baba, unamkuta naye yumo, kwa namba ileile ya nyumba na tarehe ileile. Mama yumo pia. Kila mmoja ametambulishwa kwa mwenzake aliyekufa pamoja naye, na nyumba ambayo huenda haikubaki hata ukuta wake bado imesimama katika maandishi. Kwetu sisi ambao jina bila bin au binti huliona pungufu, uandishi huo hauhitaji kufafanuliwa.

Mafundisho ya Kiislamu yana neno lao pia kuhusu vifo vya namna hii. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inamhesabu aliyeangukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi, pamoja na aliyezama majini na aliyekufa kwa tauni. Wanazuoni wamemwita shahidi wa akhera: huoshwa, hukafiniwa na kuswaliwa kama maiti wengine, tofauti na aliyeuawa katika mapambano. Na pakiwa na dharura, inaruhusiwa kuwazika zaidi ya mmoja katika kaburi moja, kama Mtume alivyofanya baada ya vita vya Uhud.

Baada ya mazishi hubaki mirathi, nayo huleta swali gumu kuliko yote: nani alitangulia kufa? Uingereza swali hilo lilifika hadi kwa majaji wa juu kabisa. Bomu liliangukia nyumba moja ya Chelsea, mtaa wa London, mnamo Septemba 1940, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo ndugu wawili walioacha wosia. Sheria ya mali ya mwaka 1925 ilisema kwamba pale isipojulikana nani alitangulia, ichukuliwe kuwa mkubwa ndiye aliyekufa kwanza. Lakini je, sheria hiyo inafaa iwapo huenda walikufa kwa pamoja? Hukumu ilitoka mwaka 1945, majaji watatu wakisema inafaa na wawili wakipinga.

Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, hayakadirii jambo lisilojulikana. Waliokufa katika msiba mmoja bila kujulikana aliyetangulia hawarithiani. Mali ya kila mmoja huenda kwa warithi wake walio hai. Kwa hiyo kadhi hawezi kuridhika na kuambiwa kwamba wameisha wote. Lazima aulize kama baba alikuwa na ndugu, kama mama ana dada aliyeolewa Lamu au Pate, kama kuna binamu aliyehamia Mombasa, na mashahidi waje waseme nani alikuwa mtoto wa nani. Mtu ambaye pengine hakuwaona watoto wale hata mara moja huitwa, akaelezwa majina yao, akatia sahihi yake chini ya karatasi ambayo juu yake wameandikwa wote, kuanzia mzee wa nyumba hadi aliyekuwa bado ananyonya. Karatasi hiyo huwa mikononi mwake siku atakapokwenda kwa msomaji wa hitima kuandikisha majina.