Mbio, pasi au ulinzi: nini hasa kinashinda futiboli ya Kimarekani?

Super Bowl, fainali ya ligi ya futiboli ya Kimarekani, huanza kama saa nane na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na tunaoikeshea tunazijua kauli zinazorudiwa kila mwaka. Nyingine niliziamini kwa muda mrefu, kwa kuwa zina chembe ya kweli ndani yake.

Dhana: Anayekimbia na mpira mara nyingi zaidi ndiye anayeshinda.

Takwimu za mechi nyingi huonyesha hivyo hasa. Lakini tazama alikimbia lini. Pasi ikianguka bila kudakwa, saa husimama. Mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja, saa huendelea kwenda. Kwa hiyo timu inayoongoza katika robo ya nne hukimbia ili kuumaliza muda, na iliyo nyuma haina budi kurusha. Hapo kuongoza ndiko kunakozaa mbio, na huko kuongoza mara nyingi kulipatikana kwa pasi. Jaribio moja la pasi huisogeza timu mbele kwa wastani wa yadi 7 hivi. Mbio moja, yadi 4 na ushei.

Angalia pia wakimbiaji bora kuliko wote. Hadi mwisho wa msimu wa 2024, ni 9 tu waliokuwa wamefikisha yadi 2,000 katika msimu wa kawaida. Kati yao, waliotwaa ubingwa msimu huohuo ni wawili: Terrell Davis wa Denver, 1998, na Saquon Barkley wa Philadelphia, 2024. O.J. Simpson mwaka 1973 na Chris Johnson mwaka 2009 hawakufika hata kwenye mchujo, yaani mechi za mtoano baada ya msimu wa kawaida. Derrick Henry alipata yadi 2,027 mwaka 2020, Tennessee ikatolewa katika mechi yake ya kwanza ya mchujo.

Dhana: Lazima ukimbie sana kwanza, ndipo hila ya kujifanya unampa mkimbiaji mpira ifanye kazi.

Wachambuzi waliolinganisha timu wamekuta hila hiyo inafanya kazi hata kwa timu zinazokimbia kidogo. Mlinzi hudanganywa na anachokiona wakati huohuo, wala hahesabu mbio za robo ya kwanza.

Dhana: Ulinzi ndio unaoleta ubingwa.

Hapa naelewa kabisa watu walikotoa imani yao. Baltimore ya mwaka 2000 iliruhusu pointi 165 tu katika mechi 16, ikawa bingwa. Katika Super Bowl ya Februari 2014 Seattle iliifunga Denver 43-8, Denver ileile iliyokuwa imefunga pointi 606 msimu huo, rekodi ya ligi. Nani angesahau?

Ila hata Baltimore ile ilipitia mechi 5 mfululizo bila safu yake ya ushambuliaji kufunga tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani), ikapoteza 3. Ulinzi haukuweza kubeba kila kitu. Na Februari 2018 Philadelphia ilichukua kombe ingawa Tom Brady, mrushaji wa wapinzani wao New England, alirusha pasi za yadi 505. Ikashinda 41-33, kwa kuwa nayo ilifunga bila kuchoka, na kwa kuwa zikiwa zimebaki dakika kama mbili Brandon Graham alimpokonya Brady mpira.

Tukio lile linanifundisha zaidi kuliko kauli yoyote. Tangu 1978 sheria zinamkataza mlinzi kumsukuma mdakaji akishavuka yadi 5 kutoka mstari mchezo unapoanzia, na pasi imekuwa moyo wa mchezo. Ulinzi unaofika kileleni ni ule unaoivunja pasi. Seattle ilinasa pasi 2 za Peyton Manning, mrushaji wa Denver, na moja Malcolm Smith akaipeleka hadi kwenye tachidauni.

Barkley yeye, katika Super Bowl ya Februari 2025, alikimbia mara 25 akapata yadi 57 tu. Philadelphia ilishinda 40-22: mrushaji wake Jalen Hurts alirusha pasi mbili za tachidauni, na Patrick Mahomes, mrushaji wa Kansas City, aliangushwa mara 6 kabla hajaiachia pasi.