Ufahamu wa jibu fupi: mwanafunzi wa China anapimwa nini hasa?

Ufahamu wa jibu fupi ni zoezi ambalo mwanafunzi husoma kifungu cha Kiingereza kisha akajibu maswali machache kwa kuandika mwenyewe. Hapewi A, B, C na D. Badala yake anapewa mstari mtupu na, mara nyingi, kikomo: maneno yasiyozidi 5, au 10, au 20. Aliyesoma Kiswahili sekondari Kenya au Tanzania atalitambua mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa swali la ufahamu katika karatasi yetu, lile la "kwa mujibu wa kifungu". Tofauti kubwa ni hicho kikomo cha maneno. Nitadai hapa kwamba kikomo ndicho kinacholifanya zoezi zima liwe na maana, na ndicho wanafunzi wengi huchelewa kukielewa.

Tuanze na mahali zoezi lenyewe linapoishi. Sekondari ya juu China ni miaka mitatu, na mwisho wake ni Gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu unaofanywa kila Juni kuanzia tarehe 7. Mwaka 2024 waliojiandikisha walikuwa takriban milioni 13.42. Katika mikoa mingi jumla ya alama ni 750, na lugha ya kigeni, ambayo kwa walio wengi ni Kiingereza, inabeba 150, sawa na hisabati na sawa na Kichina chenyewe. Kwenye kuta za madarasa ya mwaka wa tatu utakuta kaulimbiu isemayo ukiongeza alama moja unaangusha watu elfu. Ni maneno makali, lakini yanaeleza kwa nini kipande cha alama 10 au 12 kinaweza kufanyiwa mazoezi mwaka mzima.

Si China yote inayotahiniwa hivi. Karatasi za taifa, zinazotumika katika mikoa mingi, zinapima kusoma kwa maswali ya kuchagua. Mikoa na miji inayojitungia mtihani ndiyo yenye uhuru wa kufanya vingine. Tianjin wana maswali matano ya jibu fupi, kila moja alama 2. Beijing, tangu karatasi mpya ya 2021, wana maswali manne yenye uzito tofauti: mawili ya kwanza alama 2 kila moja, la tatu alama 3, la nne alama 5. Shanghai wanatumia binamu yake, ufupisho: unasoma kifungu na kukikamua kwa maneno yasiyozidi 60.

Ukifungua karatasi ya Beijing au ya Tianjin ukatafuta kipande hiki kwenye sehemu ya kusoma, hutakiona. Kimewekwa katika sehemu ya uandishi, mlango mmoja na insha. Watunzi hawakukosea njia. Mwanafunzi aliyeelewa kifungu chote lakini akashindwa kukisema, mbele ya msahihishaji hana tofauti na ambaye hakuelewa. Katika swali la kuchagua, asiyejua kitu bado ana nafasi moja kati ya nne ya kupata. Kwenye mstari mtupu hana hata hiyo, na anayejua nusu, nusu yake inaonekana wazi.

Ili tusizungumze hewani, nimetunga kifungu kidogo. Mzee Zhao, fundi baiskeli mstaafu, anaweka meza na spana zake nje ya lango la shule na kuwatengenezea wanafunzi baiskeli bure. Wiki ya kwanza kila mtu anafurahi. Wiki ya pili baiskeli zimerundikana ukutani huku wenyewe wako darasani, au wanacheza mpira wa kikapu. Mzee anabandika tangazo: kuanzia leo mwenye baiskeli atashika spana, yeye atasimama kando na kuelekeza. Anamwambia mwalimu mkuu: "I am not mending bicycles. I am raising people who cannot mend them." Wengine wananuna na kuondoa baiskeli zao. Mwezi unapoisha, wasichana wawili wa mwaka wa kwanza wamefungua kona yao ya ufundi nyuma ya bweni.

Swali: Why did Mr Zhao change the rule in the second week? Maneno yasiyozidi 10.

Mwanafunzi wa kwanza anaandika: Because bicycles were piled up against his wall while their owners sat in class. Amenakili, tena kwa maneno 14. Lakini kuzidisha maneno ni kosa lake dogo. Kosa kubwa ni kwamba ametaja kilichoonekana, si kilichomsukuma mzee. Rundo la baiskeli ni dalili. Mzee angeweza kuliona akaongeza fundi wa pili, au akaanza kutoza pesa. Sababu iko katika yale maneno aliyomwambia mwalimu mkuu, na maneno hayo hayana because, hayana so, hayana alama yoyote ya kumwashia msomaji taa.

Wa pili: Because the students were lazy. Maneno matano, sarufi safi, na hapati kitu. Kifungu hakikusema wavivu. Waliokuwa wakikimbia huku na huko uwanjani kwenye mpira wa kikapu si wavivu wa lolote isipokuwa baiskeli. Hiyo ni hukumu ya msomaji aliyoivalisha nguo za kifungu, na ni kosa la wanafunzi werevu zaidi kuliko la wazembe, kwa sababu mzembe hunakili.

Wa tatu: He want student learn to repair bike himself. Huyu ameelewa kuliko wote wawili. Maneno manane, makosa matano: want haina wakati uliopita, student haina wingi, to imekosekana kabla ya learn, bike nayo iko peke yake bila a wala s ya wingi, na himself haifuatani na wanafunzi wengi. Chimbuko lake halifichiki. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa wakati wala kwa mtenda, na nomino haibebi wingi kama inavyobeba kwa Kiingereza. Mwanafunzi ameandika fikra ya Kichina kwa maneno ya Kiingereza. Katika insha ndefu makosa hayo yangemezwa na wingi wa sentensi. Ndani ya maneno manane hayana pa kujificha.

La nne: Because students left bikes without learning to repair them. Maneno tisa, na yote yanafanya kazi.

Kuna kosa jingine la lugha ya nyumbani ambalo sisi hatuna haki ya kulicheka. Kichina huunganisha sababu na matokeo kwa viunganishi viwili, kimoja mwanzoni na kingine katikati, hivyo mwanafunzi huandika Because… so… katika sentensi moja, na Although… but… vilevile. Mswahili aliyezoea "ingawa… lakini" anaingia shimo hilohilo. Kiingereza kinataka kimoja tu. Kwenye jibu la maneno 10, huyo so wa ziada amekula sehemu ya kumi ya nafasi yako na kukupa kosa juu yake.

Sasa umbo la jibu. Walimu wa China hulifundisha kama kanuni: swali la why lijibiwe kwa Because au To, swali la how la kuuliza njia lijibiwe kwa By na kitenzi chenye ing, swali la what mara nyingi litosheke na fungu la nomino bila sentensi kamili. Kanuni ni sahihi, na inaokoa maneno. Ila nadhani inasisitizwa kupita kiasi, maana inamfanya mwanafunzi aanze na umbo kabla ya kupata jambo lenyewe. Nimeona majibu yaliyoanza kwa By vizuri kabisa, na baada ya By hakuna njia yoyote iliyotajwa.

Pia wengi wetu tulifundishwa shule ya msingi kwamba jibu la heshima hurudia swali kwanza. Katika zoezi hili tabia hiyo ni hasara. Tazama jibu hili: The reason why Mr Zhao changed the rule was that he found that the students only left their bicycles there and did not learn anything. Maneno 25. Kumi ya mwanzo ni swali lenyewe limegeuzwa; yafute. He found that halina kazi, kwa kuwa hakuna anayeuliza mzee aligundua lini, yanabaki 12. Did not learn ikikunjwa kuwa without learning, na the na only zikiondoka, unapata Students left their bicycles there without learning anything. Maneno manane, na hakuna maana iliyomwagika. Kama ningelazimika kuchagua zoezi moja tu la kumpa mwanafunzi, ningechagua hili: andika jibu refu uwezavyo, kisha likate mara tatu, na kila unapokata useme kwa nini neno hilo limeondoka.

Swali la tatu la Beijing ni la aina yake, na kwangu ndilo zuri kuliko yote. Mwanafunzi anapewa sentensi moja kuhusu kifungu, ambayo sehemu yake ni kweli na sehemu si kweli. Anatakiwa apige mstari chini ya sehemu ya uongo, kisha aeleze kwa nini ni uongo. Kwa kifungu chetu inaweza kuwa: Mr Zhao changed the rule in the second week because the headmaster ordered him to. Nusu ya kwanza ni sahihi kabisa, hata wiki haikukosewa. Uongo unaanzia because.

Hapo mitego ni miwili. Wa kwanza ni kupiga mstari sentensi nzima kwa woga, na hapo umekiri kwamba hujui uongo uko wapi. Wa pili ni kukanusha tu: the headmaster did not order him. Kukanusha si kueleza. Maelezo yanatakiwa yalete kile kifungu kilichosema badala yake, kwamba mzee aliamua mwenyewe kwa kuwa hakutaka kulea watu wasioweza kujitengenezea baiskeli. Kwa maneno mengine, swali linadai ushahidi, na mwanafunzi aliyezoea kuchagua "si kweli" kwenye karatasi za kuchagua hajawahi kudaiwa ushahidi na mtu.

Swali la nne linaachana kidogo na kifungu na kumuuliza mwanafunzi kuhusu maisha yake, kwa maneno kama 40. Kwa mfano: mbali na njia ya Mzee Zhao, shule yako ingefanya nini ili wanafunzi watunze vitu vyao? Hapa ndipo majibu ya kukariri hufurika. Mwanafunzi anaingia na sentensi mbili alizozihifadhi kuhusu umuhimu wa ushirikiano na uwajibikaji, zinazofaa swali lolote duniani, na zisizojibu hili. Jibu linalosimama hutaja jambo moja linaloonekana, tuseme saa moja ya ufundi kila Ijumaa ambapo mwanafunzi analeta kitu chake kilichoharibika, kisha linaongeza sababu moja. Maneno 40 hayatoshi kwa mapendekezo mawili. Anayejaribu mawili hukosa nafasi ya kueleza hata moja.

Katika mazoezi ya darasani, wanafunzi wa mwaka wa tatu hupitia karatasi za miaka iliyopita na kuweka daftari la makosa, wakinakili kila swali walilolikosa pamoja na jibu sahihi. Kwa sarufi daftari hilo ni dhahabu. Kwa jibu fupi lina kasoro: jibu la kielelezo liko moja, wakati majibu yanayokubalika ni mengi. Mwanafunzi anayekariri Because students left bikes without learning to repair them amekariri habari za baiskeli, na Juni hakutakuwa na baiskeli. Daftari lingefaa zaidi kama lingeandika aina ya kosa: nilitaja dalili badala ya sababu, nilihukumu bila ushahidi, nilirudia swali.

Na kuna njia rahisi ya kujikagua isiyohitaji mwalimu wala jibu la kielelezo. Mpe jibu lako mwenzako ambaye hajasoma kifungu, umfiche na swali pia, umwambie akisie uliulizwa nini. Akipewa Because students left bikes without learning to repair them, atakisia karibu sana. Akipewa Because they just left them there, atakuuliza they ni akina nani na them ni nini, na huo ndio mstari wa kurudi kuuandika upya kabla hujamkabidhi msahihishaji.