Kupanua hifadhi ya seva bila kuzima huduma: maana yake nini?

Tuchukue seva moja Kampala inayorusha filamu zilizotafsiriwa Kiganda na mavijei, yaani wasimulizi wanaotia sauti juu ya filamu. Ni Ijumaa saa tatu usiku, watu wanatazama, diski imejaa asilimia 96 na filamu za wikendi hazina pa kukaa. Filamu ya saa mbili kwa megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 3.6, kwa hiyo nafasi inaisha upesi kuliko unavyodhani.

Kupanua hifadhi bila kuzima huduma ni kuiongezea seva nafasi huku watu wakiendelea kutazama. Jambo hilo linawezekana kwa sababu programu ya kurusha haiijui diski. Inajua jina la folda tu, tuseme /filamu. Kati ya folda na diski pana tabaka la kati, ambalo kwenye Linux mara nyingi ni LVM. Hilo hukusanya diski kadhaa kuwa bwawa moja, kisha humo hukatwa kipande kinachobeba folda. Ni kama mteja wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, anayeagiza katoni ya sabuni kaunta. Stoo ya nyuma ni chumba kimoja au vitatu, si shauri lake.

Diski mpya huchomekwa seva ikiwa inawaka, mradi mashine imetengenezwa kukubali hivyo. Inatambulishwa kwa LVM, inaingizwa bwawani kwa amri ya vgextend, kisha kipande kinakuzwa kwa amri ya lvextend. Hapa ndipo wengi hukwama: wanaangalia df, amri inayoonyesha nafasi iliyobaki, nafasi ni ileile ya jana, wanakimbilia kuwasha upya mashine. Hakuna kilichoharibika. Kipande kimekua, ila mfumo wa faili ulio juu yake, unaopanga faili ndani ya kipande, haujaambiwa. Mfumo wa aina ya Ext4 huambiwa kwa resize2fs, wa aina ya XFS kwa xfs_growfs, na yote miwili hukua huku faili zikisomwa. Ukiandika lvextend -r, hatua hizo mbili zinakwenda pamoja. Mimi siiachi hiyo -r.

Ila nafasi si usalama. Ukiunganisha diski mbili hivihivi bila RAID, yaani mpangilio wa diski kadhaa unaoweza kulinda data moja ikifa, moja ikifa unaweza kupoteza folda nzima. Na ukiongeza diski kwenye RAID 5, aina mojawapo ya mpangilio huo, data hupangwa upya kwa saa nyingi na usomaji hupungua kasi; anza usiku wa manane.

Kurudi nyuma ni habari nyingine. XFS haipunguzwi kwa kiasi cha kurudisha diski uliyoongeza. Ext4 hupunguzwa, lakini kwanza lazima folda itolewe kwenye matumizi, na hapo filamu zitasimama.