Moto Wako Haurudi kwa Kuwekewa Mikono: dhana ninazosikia kila Alhamisi hapa Goma

Alhamisi iliyopita walikuja watu watano kuniona, na wanne kati yao walisema neno moja: "Papa pasta, moto yangu imezima, uniwekee mikono irudi." Mimi ni mchungaji hapa Goma, upande wa Ndosho, na Alhamisi ndiyo siku yangu ya kukaa kwenye benchi nyuma ya kanisa nikisikiliza watu. Hii sentensi nimeisikia mpaka imenichosha, si kwamba watu wamenichosha, hapana, nawapenda sana, ila inaniuma kuona tunazunguka mlima uleule kila mwaka.

"Uamsho ni moto, ukizima unaenda kwenye kesha au kwa mtumishi mwenye upako anakuwashia"

Hii ndiyo inanikera kuliko zote kwa hiyo mnivumilie.

Moto kushuka unashuka, siwezi kubisha. Pale Karmeli ulishuka, watu wote wakaanguka kifudifudi wakapiga kelele kwamba Bwana ndiye Mungu, lakini geuza ukurasa tu, 1 Wafalme 19, Yezebeli yuko palepale anataka kumuua Eliya. Siku ya Pentekoste pia ulishuka, ila wale watu waliochomwa mioyo hawakumwambia Petro awaombee wasikie joto, waliuliza "tutendeje?" na jibu lilikuwa tubuni. Sasa ona Yosia. Mwaka wa 18 wa ufalme wake wako wanatengeneza hekalu, kuhani Hilkia anakuta kitabu cha torati humo ndani, mfalme anasomewa na anararua nguo zake. Sisi tungeishia hapo, tungepiga video ya mfalme analia tukaituma kwenye WhatsApp. Lakini 2 Wafalme sura ya 23 karibu yote ni vitu vinabomolewa: madhabahu, sanamu ya Ashera inachomwa kwenye kijito cha Kidroni na kusagwa mpaka inakuwa vumbi, kitu kwa kitu. Kulia kumepewa mstari mmoja hivi, kazi imepewa sura nzima.

Kuna mama mmoja alinijia, anauza maharage sokoni. Ni mtu wa korali, anafunga kila Jumatano, na alikuwa ameenda makesha matatu mwezi ule lakini akirudi nyumbani moyo ni mkavu. Nikamuuliza: "Mama, ni kitu gani Mungu alikuambia ufanye na mpaka leo hujafanya?" Akanyamaza kitambo, akawa anasokota pembe ya kitenge chake, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Pasta, ni ile kopo."

Kopo lake la kupimia alikuwa amelipiga chini kwa jiwe, kitako kikaingia ndani, yaani kila anapompimia mtu anabakiza karibu konzi moja ya maharage. Miaka miwili analijua hilo jambo, na kila akisikia Neno anakumbuka kopo, kisha anaimba kwa nguvu zaidi ili asilikumbuke. Hata fungu la kumi alikuwa anatoa humohumo.

Siku ile sikumwekea mikono, na waliosikia walisema pasta amekuwa mkali. Jamani, ningemwekea mikono juu ya nini, kopo likibaki sokoni? Samweli alimwambia Sauli "kutii ni bora kuliko dhabihu" na huku kondoo wa Waamaleki wanalia nyuma yake, na ndiyo maana aliuliza hii sauti ya kondoo ninayoisikia ni ya nini. Wiki iliyofuata mama alinunua kopo jipya, na wale wateja wake anaowafahamu akawa anawaongezea juu bila kuwaficha sababu, akawaambia mimi niliwaibia. Zakayo alisema mara nne, yeye alifanya alivyoweza.

Na wazee wetu wa Kivu wanalijua hili. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church waliomba pamoja Namirembe, Kampala, na uamsho uliokuja kuenea Uganda na Rwanda kupitia Gahini kule Rwanda haukujulikana kwa wimbo wa Tukutendereza peke yake, ulijulikana kwa watu kuungama waziwazi na kurudisha vitu walivyoiba kwa wenyewe.

"Mimi sijarudi nyuma, kwani umewahi kunikosa kanisani?"

Soma Nehemia ndugu yangu. Sura ya 8 Ezra anasoma torati toka asubuhi mpaka saa sita mchana na watu wanalia. Sura ya 10 wanatia muhuri agano kwamba hawataiacha nyumba ya Mungu. Nehemia anasafiri kwenda kwa mfalme, anarudi, sura ya 13 anakuta Tobia, yule adui aliyewacheka wakijenga ukuta, amepewa chumba ndani ya nyua za hekalu! Chumba kikubwa, kile cha kuwekea sadaka na zaka, na aliyempa ni kuhani Eliashibu. Walawi hawapewi posho yao, wamekimbilia mashambani, na siku ya Sabato watu wanakanyaga mashinikizo ya divai. Hekalu halikufungwa hata siku moja. Kilichoanza ni chumba kimoja kupewa mtu kwa sababu ya undugu. Nehemia alitupa nje vyombo vyote vya Tobia, halafu ndipo akaamuru vyumba visafishwe. Sisi tunataka kufagia huku Tobia amekaa kwenye kiti.

"Watu wakijaa kanisani ujue ni uamsho"

Tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka, na siku chache baadaye tukaambiwa tuhame, njia ya Sake nilisikia maombi ambayo sijawahi kuyasikia tena. Watu walisameheana barabarani na magodoro kichwani. Wangapi walishika ahadi zao tuliporudi? Hofu inaweza kukuamsha usingizini, lakini haiwezi kukutembeza miaka mitatu.

"Tufunge zaidi, nchi itapona"

Fungeni, nami nafunga. Ila Isaya 58 inasema walikuwa wanafunga huku wanawalemea wafanyakazi wao. Kama msichana anayekupikia hujamlipa miezi miwili, anza na mshahara wake, leo, kabla ya jua kuzama.

"Tuko chini ya neema, mambo ya utii ni sheria"

Tito 2:11-12. Neema hiyohiyo inatufundisha kukataa ubaya. Sina la kuongeza.

"Mimi nimeenda mbali sana, Mungu ameshachoka nami"

Huyu ndiye namwonea huruma kuliko wote, mara nyingi anakuja wa mwisho wakati wengine wameenda. Kanisa la Efeso liliacha upendo wake wa kwanza, na Yesu aliwaambia wakumbuke walikoanguka, watubu, wafanye matendo ya kwanza. Angekuwa amechoka nao asingewaandikia barua.

Alhamisi hii niko kwenye benchi toka saa nane. Ukija, njoo na karatasi, uandike juu yake lile jambo la mwisho ambalo Mungu alikuambia na ukaliacha. Tutaanzia hapo, maombi yatafuata.